Nikikataa Kahawa

Hakuna meza ya karata ya mjini iliyokuwa bado inamkubali Gaudiosus. Kampala walimfungia mlango, Bukoba wakamfungia, Mwanza wakamtoa nje ameshikwa ukosi. Mchezaji wa poka anayeshinda mno huitwa mwizi. Hakuwahi kutia alama karata hata moja. Alisoma nyuso tu, na nyuso za watu zilimlisha miaka kumi na miwili.

"Wameniita mwizi," alisema. "Basi acha niwe."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga, Kanoni. Projest, mgambo aliyefukuzwa kazi, alikuwa na bunduki ndani ya gunia. Muhwezi alikuwa na pikipiki. Gaudiosus alikuwa na nyumba moja iliyobaki kumkaribisha mezani: ya Ahimbisibwe, mfugaji wa Nkwenda. Huko wanunuzi wa ng'ombe hucheza kila siku ya mnada, pesa zao kiunoni.

"Tutajuaje kama pesa zote ziko mezani?" Projest aliuliza.

"Nitakaa karibu na dirisha. Ahimbisibwe atapitisha kahawa ya kutafuna. Nikikataa, ingieni."

Muhwezi akacheka. "Mzee, huku nani anakataa kahawa ya mwenyeji?"

"Hakuna. Ndiyo maana hamwezi kukosea."

"Si ndiye mliyechanjana naye huyo?"

Gaudiosus alipapasa tumbo, penye kovu. Yeye na Ahimbisibwe walichanjwa udugu wa damu wakiwa vijana. Kila mmoja alimeza punje ya kahawa yenye damu ya mwenzake.

"Ndiye. Asiguswe. Nipe neno lako, Projest."

"Umelipata," Projest alisema, upesi mno, akitazama mlango.

Gaudiosus aliusoma uso ule. Uongo mtupu. Mezani angetupa karata akaondoka. Siku ile alibaki.

Saa nane mchana. Siku ya mnada.

Ng'ombe walilia uwanjani. Ndani, wanunuzi wanne walikuwa wamevua makoti. Pesa zilirundikana katikati ya meza.

"Huyu mnamkaribisha wa nini?" mmoja alinung'unika. "Atatuvua hadi soksi."

"Soksi zako hazitaki mtu," Ahimbisibwe alimjibu. Wakacheka.

Saa nane na nusu.

Ahimbisibwe alileta kikapu kidogo cha kahawa. Alianzia kwa Gaudiosus.

"Munywani wangu, ndugu wa kuchanjana," alisema taratibu. "Wakufukuze kote. Hapa ni kwako. Twaa."

Nje, Muhwezi alikuwa ameegemea pikipiki, macho dirishani.

Mkono wa Gaudiosus ulikaa juu ya meza. Kisha ukanyanyuka, ukachukua punje, ukaitia mdomoni. Basi. Hakuna kazi leo.

Saa tisa kasoro kumi.

Mlango ulipigwa teke. Projest aliingia na bunduki, Muhwezi nyuma yake na gunia.

Gaudiosus alisimama. "Nilipokea kahawa!"

Chumba kizima kilisikia. Ahimbisibwe alimgeukia. Yeye hakuwa msoma nyuso, lakini ule aliusoma.

"Kumbe ilikuwa ishara," alisema. "Kahawa yangu."

"Tumeona ukiipokea. Umetuuza, mzee," Projest alisema, akaelekeza mtutu kwa Gaudiosus.

Ahimbisibwe alikuwa ameshajua yote. Hata hivyo akaingia katikati, mikono wazi.

"Huyu ni damu yangu. Chukua pesa uende."

Bunduki ililia mara moja.

Projest alivuka Mto Kagera na gunia la pesa, hajaonekana tena. Muhwezi alikamatwa barabarani, pikipiki imezimika. Gaudiosus hakukimbia. Polisi walimkuta sakafuni, kichwa cha Ahimbisibwe mapajani. Walikagua karata moja moja. Hazikuwa na alama. Mjini wakaanza kusema, kumbe yule hakuwa mwizi.

Alihukumiwa miaka thelathini. Kokushubira, mke wa Ahimbisibwe, alibaki mjane. Watoto watatu walikosa baba. Ng'ombe waliuzwa wote, mnada uleule.

Na ile punje moja ya kahawa, Gaudiosus alikuwa bado hajaimeza walipomfunga pingu.