Mguu Uliozikwa Migombani

Aliyenisimulia haya ni Gaspari wa Kasulo, mwanajeshi mstaafu. Mguu wake wa kushoto ulikatwa, ukazikwa kwenye migomba ya nyumbani, lakini miaka kumi na miwili ameumwa vidole asivyo navyo. Hospitali ikampa kofia yenye nyaya, ya kupitisha umeme kidogo kichwani: avae dakika ishirini tu. Jioni moja ya mvua, kwa kuchoka, akaivaa saa nzima.

Maumivu yakakoma. Nje gizani, kwenye tope, kukasikika chwa. Kimya. Chwa.

“Bonifasia, nani huyo?”

“Ni mvua, Baba Ineza. Lala basi,” mkewe alijibu.

Asubuhi komeo la mlango lilikuwa bado limefungwa. Nyayo za mguu mmoja, wa kushoto, zilitoka migombani, zikapita sebuleni, zikaishia upande wake wa kitanda.