Majivu ya Mbao za Bustani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbuzi wa bibi alikutwa amelala ubavu kando ya lundo la majivu, miguu imekakamaa. Mjukuu wa bibi, ambaye watu walimwita Kijiti kwa wembamba wake, alikuwa amemletea majani kama kila siku kabla ya shule. Alimgusa shingo. Ilikuwa baridi.

Jikoni bibi alikuwa ameinamia ndoo, akitapika. Mama alimkimbiza zahanati, na Kijiti akafuata.

Mama alikuwa fundi wa bustani. Wiki hiyo alikuwa akibomoa kuta kuukuu za mbao zilizoshikilia udongo wa matuta katika bustani ya shule. Mbao hizo zilitiwa dawa ya mchwa zamani, zikabaki na rangi ya kijani. Mama alizing'oa, akazifunika turubai zingoje lori la kuzipeleka shimo la taka. Walioomba kuni aliwanyima wote, wakamwita mkono wa birika. Kijiti naye aliona ni uchoyo. Kuni za jikoni kwa bibi zilikuwa mbichi, na bibi alipuliza moto hadi machozi yakamtoka. Basi alijaza vipande kwenye gunia, akampelekea bibi na kusema vimetoka kwa mama.

Tabibu aliuliza mgonjwa amekula nini. Mama alitaja maharage ya jana, na tabibu akaanza kuandika dawa ya tumbo. Kijiti alikumbuka mbuzi akiramba majivu, na bibi akisugulia majivu hayohayo sufuria. Akisema, ataitwa mwizi na mwongo. Akinyamaza, bibi atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

"Mama, kuni anazopikia bibi ni za bustani. Nilizichukua mimi. Sufuria anazisugulia majivu yake."

Tabibu aliweka kalamu chini. "Rudia hapo, binti. Mbao zenye dawa?"

Alirudia. Tabibu alieleza kwamba moto hauunguzi sumu ile, hubaki kwenye majivu. Akaita gari la wagonjwa limpeleke bibi hospitali.

"Nilijua tu," bibi alinong'ona wakimpakia. "Mama yako kugawa kuni, kuna jambo."

Jioni mama na Kijiti walifunga vitambaa puani, wakavaa glavu, wakanyunyizia majivu maji yasipeperuke. Waliyatia kwenye mifuko pamoja na sufuria na mbao zilizobaki. Jirani aliomba angalau ngozi ya mbuzi. Safari hii Kijiti ndiye aliyemnyima.

"Nilikataza bila kueleza, hilo ni kosa langu," mama alisema, akifunga mfuko wa mwisho. "Lakini ukikatazwa na hujui sababu, uliza. Na ukishakosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kingemuumbua bibi yako kwa siri yako wewe."

Kesho yake lori lilibeba vyote, pamoja na mzoga wa mbuzi, hadi shimoni, vikafukiwa.

Jumapili asubuhi, hospitalini, bibi alikunywa nusu kikombe cha uji. Hakuutapika.