Mpira Kiganjani mwa Rahma

Kila Alhamisi akitoka shule, Rahma alikuwa akinywa uji haraka haraka, anavaa baibui, kisha anakimbilia madrasa pale Majengo kwenye mazoezi ya kaswida. Alikuwa mpiga dufu, ngoma ndogo inayoshikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine. Lakini tangu alipovunjika mkono wa kushoto, kidole gumba hakikuwa na nguvu tena, na dufu likawa linamponyoka.

"Hilo dufu au sahani ya wali? Mbona unalimwaga?" Rukia, aliyesimama kando yake, alimtania. Wenzake wakacheka.

Ustadhi Hafidhi, mwalimu wao, hakucheka. "Atakayeangusha tena, siku ya Maulidi atakaa nyuma apige makofi."

Rahma hakusema kwamba gumba linamuuma. Aliogopa kuondolewa. Akaenda kwa fundi baiskeli, akaomba kipande cha mpira wa tyubu. Siku ya Maulidi alijifungia chooni, akalifunga dufu kwenye kiganja cha kushoto, akauzungusha mpira hadi ukaisha, akakaza fundo kwa meno. Mkono wa baibui ukaficha kila kitu.

Maandamano yakaanza. Mwanzoni dufu lilitulia kama limeota mkononi. Walipofika penye maduka, vidole vikaanza kuchoma, kisha vikafa ganzi. Akajaribu kulegeza fundo, wapi! Mbele safu, nyuma safu, madufu yanalia, na hakuna kusimama mpaka msikitini.

"Rukia! Rukia!" aliita.

Rukia akadhani anahimizwa. Akaimba kwa nguvu zaidi.

Machozi yakamtoka Rahma. Akina mama kando ya barabara wakayaona. "Mashallah, mtoto kaguswa na kaswida!" alisema mmoja, akamnyunyizia marashi. Na aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa mama yake mwenyewe.

"Mama!" Rahma alilia.

Mama akampungia mkono kwa furaha.

Msikitini wenzake waliweka madufu chini. La Rahma halikutoka. Rukia akaupandisha mkono wa baibui la Rahma, akapiga yowe: "Ustadhi! Vidole vyake vimekuwa vyeusi!"

Ustadhi alinyakua kisu cha wapishi wa pilau, akaukata mpira taratibu.

Kwenye zahanati, muuguzi alivibonyeza vidole kimoja kimoja. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Sisikii."

Mama alikaa sakafuni. Damu ilirudi polepole, kwa maumivu makali. "Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine," muuguzi alisema. "Damu ikizuiwa, kiungo kinakufa."

Wiki iliyofuata Ustadhi alileta dufu dogo, jepesi, lenye mkanda mpana wa kitambaa. Ulilegea kiasi cha mkono kuingia na kutoka bila shida. "Ungeniambia, ningekutengenezea mapema," alisema. "Nami nilikosea kukutisha."

Jioni nyumbani, Mama alimshika Rahma mkono ule, akaushikilia.

"Mwanangu, nilikuona unalia, nikapiga vigelegele. Macho yangu hayaoni chini ya nguo. Kitu kikikuuma, sema, hata kama watacheka. Na usijifunge kitu ambacho huwezi kukifungua mwenyewe."