Kadi Zilizoanuliwa Mbichi

Kila alasiri akitoka shule, Kibanio aliingia katika duka la dobi kwa mlango wa nyuma, akavua viatu na kujitupa juu ya furushi la mashuka. Humo ndani mvuke wa pasi ulitanda mpaka darini, na mashati yaliyotundikwa yaliyumba polepole. Ukiyatazama sana utaapa yananong'onezana. Kibanio aliyatazama sana, maana kwa ndoto za mchana mtoto yule hakuwa na mpinzani.

Duka lilikuwa la baba yake mdogo, aliyewachukua yeye na dada yake wazazi wao walipofariki. Ni yeye aliyembandika jina hilo. "Mtoto anamng'ang'ania dada yake utadhani kibanio cha nguo!" alisema siku moja. Wateja wakacheka, na jina likaganda. Kibanio alikuwa na miaka kumi na mmoja. Dada ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfungia vifungo vya sare, na aliyemfundisha kupiga mluzi.

Dada alipiga pasi pale dukani, na huku akipiga pasi alijifunza Kijapani. Alitaka kwenda Japani miaka miwili kusomea kazi ya kutunza wazee, lakini chuo kilimtaka kwanza afaulu mtihani wa lugha. Akifeli safari hii, nafasi yake angepewa mwingine.

Miundo ya sarufi iliyotakiwa kwenye mtihani huo ilikuwa themanini. Dada aliandika kila mmoja kwenye kadi: mbele Kijapani, kwa herufi ambazo Kibanio aliweza kuzisoma, na nyuma maana yake. Kwa kuwa mikono yake haikubanduka kwenye pasi, walibuni utaratibu wao wenyewe. Kadi zote zilianikwa kwenye kamba ya kushoto. Kibanio alisoma, Dada akajibu huku akinyoosha kola. Jibu likiwa sahihi, Kibanio aliita, "Imekauka!" akaihamishia kadi hiyo kamba ya kulia. Dada akikosea, kadi ilibaki palepale, ingali mbichi.

Mwanzoni ulikuwa mchezo mtamu. Kisha alasiri moja Kibanio aliona kamba ya kulia imefika nusu. Usingizi ukamchukua pale pale juu ya mashuka, akaota mashati yameshuka kwenye vitundikio na kupanga foleni mlangoni, kila moja na begi lake. Yalitoka moja moja, bila kelele, yakapanda angani. La mwisho kabisa lilikuwa gauni la buluu la Dada. Lilimpungia mkono mtupu.

"We mtoto, umelala?" Dada alimwita. "Soma basi!"

Kibanio alishtuka. Akachukua kadi. "Ame ga futte mo."

"Mvua ikinyesha," Dada akajibu haraka.

Kibanio aligeuza kadi. Nyuma iliandikwa: *Hata mvua ikinyesha*. Aliitazama kwa muda. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, nao wa Kibanio siku hiyo ulipinda.

"Imekauka!" akasema.

Loo! Ikawa rahisi hivyo. Kesho yake akahamisha mbili, kesho kutwa tano. Nyingine alizihamisha bila hata kuzisoma. Kamba ya kulia ikajaa, Dada akawa anaimba kazini, na baba mdogo akawaambia wateja, "Mnamwona binti yangu? Kichwa chake kinanyonya maji kama taulo jipya!" Kibanio aliposikia hivyo alijificha nyuma ya mashuka. Sifa zile zilimchoma.

Zikiwa zimebaki siku kumi, mwalimu wa Kijapani aliyemfundisha Dada jioni aliwapa wanafunzi wake mtihani wa majaribio. Dada alirudi akaketi sakafuni, begi lingali begani.

"Thelathini na moja kwa mia," alisema.

Baba mdogo akaacha kukunja shuka. "Haiwezekani! Kadi zote si zimekauka?"

"Hilo ndilo linaloniumiza, baba mdogo. Kama ningekuwa mvivu, ningejua la kufanya. Lakini nimesoma, na bado sijui kitu. Kichwa changu ni kibovu tu. Kesho nitamwambia mwalimu alifute jina langu."

Hilo ndilo alilolitaka Kibanio, sivyo? Dada haendi tena. Akangoja furaha ije, haikuja. Dada aliinuka, akashika pasi, akawa anapitisha na kupitisha mkono mmoja tu wa shati moja, kana kwamba hauoni. Hakuimba. Kibanio hakuweza kuvumilia.

"Dada, kichwa chako si kibovu," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye mwongo. Ulikuwa ukikosea nami nasema imekauka. Sikutaka uende."

Pasi ikawekwa chini.

"Ngapi?" Dada aliuliza.

"Kama arobaini."

"Arobaini!" Dada alijishika kichwa. "Umeniudhi. Nakupenda, lakini umeniudhi sana, nataka ulijue hilo."

Kibanio alilia kwa sauti. Baba mdogo hakumbembeleza wala hakumgombeza. Alifungua kabati, akatoa shuka jeupe lenye madoadoa meusi kila mahali.

"Unalikumbuka hili?"

Kibanio alilikumbuka. Mwezi uliopita alilianua likiwa bado na unyevu, akalikunja na kulifungia kabatini ili akimbilie kucheza.

"Kwa nje lilionekana safi na limekunjwa vizuri," alisema baba mdogo. "Ndani lilikuwa linaota ukungu. Uongo ndivyo ulivyo, mwanangu. Haukaushi kitu, unaficha tu. Umesema kweli, na kusema kweli ni vizuri, lakini maneno peke yake hayafui shuka. Sasa inuka ufue ulichochafua."

Basi Kibanio alifua. Kadi zote themanini zilirudi kamba ya kushoto. Kwa siku kumi alisoma kila kadi mara tatu, na Dada akikosea aliambiwa wazi, "Bado mbichi!" mpaka akalalamika kwamba mwalimu huyu mpya ni mkali kuliko yule wa darasani. Hapo ndipo walipocheka pamoja tena. Jumapili ya mtihani, kamba ya kushoto haikuwa na kadi hata moja.

Majibu yalitoka baada ya wiki nyingi. Dada alikuwa amefaulu! Baba mdogo alirusha soksi za wateja hewani, kisha wote watatu wakakaa kutafuta zipi ni pacha.

Asubuhi ya safari, gari lilipofika mlangoni, Kibanio alishika mkono wa gauni la buluu. Alijua ni lazima auachilie, lakini vidole havikutii. Baba mdogo akainama karibu naye.

"Unajua kwa nini dobi anapenda kibanio?" aliuliza taratibu. "Kinashika nguo isipeperuke kabla ya kukauka. Ikishakauka, kinaiachia. Dada yako amekauka, mwanangu. Umemkausha wewe mwenyewe, kwa kumwambia kweli."

Kibanio akavuta pumzi. "Dada," akasema, "ame ga futte mo?"

"Hata mvua ikinyesha," Dada akajibu, "nitakupigia simu kila Jumapili."

Kibanio akaachia.