Baba Gwakisa Anaoga

Stendi ya Iringa ilifurika watu asubuhi hiyo, na baridi yake msiulize. Veneranda, koti jekundu na kilemba cha njano, alikuwa amekumbatia kiboksi cha barafu.

"Dada, nipe barafu mbili za ukwaju," alisema kijana mrefu mwenye shati la kitenge.

"Humu mna damu za watu, kaka. Utafyonza?"

Kijana alicheka mpaka abiria wakageuka. Jina lake Gwakisa, seremala wa Ilomba, Mbeya. Walikaa siti moja hadi Mbeya, Veneranda akamweleza utafiti wa maabara yao uliohitaji damu hiyo: seli za ubongo hutoa taka kama jiko lolote, zikishindwa kuzizoa, taka hurundikana, seli hufa, na mtu husahau hata wanawe. Wao wanatafuta kinachozishinda. Tangu basi lilipopita Igawa, Gwakisa hakucheka tena.

Mapenzi yalikolea hata hivyo.

"Umekula, mrembo?"

"Nitakulaje hujaniuliza?"

Ila nyumbani kwake hakumkaribisha kamwe. Jumapili moja Veneranda alipiga simu, ikapokelewa na mwanamke.

"Namwomba Gwakisa."

"Baba Gwakisa anaoga. Mimi mkewe. Usinipigie mume wangu!"

Veneranda akaifungia namba ile. Miezi miwili alilia juu ya hadubini. Mtaalamu wa kusahau, kusahau kukamshinda.

Siku ya kupokea wagonjwa wa utafiti, Gwakisa akaingia maabara amekonda, kamshika mkono bibi mwenye sweta juu ya kitenge.

"Baba Gwakisa, twende nyumbani," bibi alilalamika.

Mke humwita mumewe kwa jina la mtoto! Ugonjwa anaousomea kila siku ulimpokelea simu, naye asiutambue.

"Ni mama," Gwakisa alisema. "Ananidhani marehemu baba. Majirani wanasema karogwa. Nilikuficha, Vene. Niliogopa utaniona mgonjwa wa kesho."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Na nikija kukusahau kweli?"

"Nitapita na kiboksi changu. Utaniomba barafu."

Gwakisa alicheka huku machozi yakimtoka.

"Baba Gwakisa, huyu nani?" mama aliuliza kwa ukali.

Gwakisa akamtazama Veneranda. "Ni mke, mama. Akikubali."

Mama akampima kuanzia kilemba hadi viatu. "Haya. Ila chumba cha mbele ni changu."

Veneranda, Mkatoliki wa kupindukia, alipiga magoti.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema. "Nimekubali."