Kijiti cha Plagi

Rafiki yangu Twalha, fundi redio wa Bunda, si mtu wa kupiga chumvi. Ndiyo maana habari hii inanisumbua.

Mchana mmoja aliitwa Kiabakari kwa mama Euphrasia, mjane anayeishi peke yake. Redio yake ya zamani ilikuwa inampiga shoti kila akigusa bati lake. Twalha akagusisha testa pale, ikawaka. Plagi ilikuwa ya miguu miwili, imechomekwa kinyume, na tundu la juu la soketi limezibuliwa kwa kijiti kama wengi tunavyofanya.

Akakitupa kijiti uani, akaigeuza plagi kwa msaada wa bisibisi, akaitia alama ya wino upande wa juu. Testa haikuwaka tena.

"Marehemu alikuwaga anaiweka vile ulivyoikuta," mama alisema. "Na kijiti alikuwaga anakichonga kwa meno."

Wakatoka mlangoni mama amnawishe mikono. Ndani madirisha yalikuwa yamefungwa, giza, redio inanguruma taratibu. Mara ikanyamaza. Wakasikia kitu kikitafunwa polepole, kama mtu anayetafuna muwa. Halafu ta! Redio ikaanza tena.

"Mama, nani yuko ndani?"

Maji ya jagi yalikuwa yanammwagikia mama miguuni. "Hakuna mtu, mwanangu."

Twalha akaingia na tochi ya simu. Alama ya wino ilikuwa chini. Kwenye tundu la juu kulikuwa na kijiti kibichi. Akakichomoa. Ncha yake ilikuwa na alama za meno, na mate yalikuwa hayajakauka.