Mkanda wa Vaia

Jioni ile nilikuwa nimetumwa kupeleka mafuta tu. Kupanda makaburini na chupa ya mafuta ya zeituni, kujaza kandili ya Vaia, kuiwasha, na kurudi kabla supu haijapoa. Kazi hiyo ilikuwa ya wifi yangu Garoufalia, mama yake Vaia, na hakuwahi kuikosa tangu tumzike mwanawe. Lakini siku ile homa ilikuwa imemlaza, na mimi ndiye shangazi wa marehemu. Nikajitanda shali nyeusi, nikaondoka huku nikinung'unikia magoti yangu. Makaburi ya kijiji chetu yako juu kilimani, na sijui ni nani aliyeona kwamba wafu wanahitaji mandhari nzuri kuliko sisi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumfukua. Kwetu mtu halali kaburini milele. Miaka mitano ikitimia, wanawake tunachimba, tunatoa mifupa, tunaiosha kwa divai na kuiweka ndani ya sanduku katika chumba cha mifupa nyuma ya kanisa. Ikitoka mikavu, ya manjano, imeachana vizuri, mama analia lakini usiku huo analala, maana mwanawe ameachiliwa. Ikitoka ingali imeshikana... hapo kila mtu anatazama chini. Kaburi linafukiwa tena na kijiji kinaanza kunong'ona.

Nimeosha mifupa ya watu wengi, hata ya kaka yangu Kitsos, baba yake Vaia. Mfupa haunitishi. Wiki ile nilichokuwa nakiogopa ni Garoufalia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na kitu pekee alichokuwa akikingoja duniani ni kumsikia padre akisema kwamba mtoto huyo amepumzika.

Vaia alikuwa msichana mcheshi, mwenye ulimi kama wangu. Lakini alipovunja ungo uti wake wa mgongo ulianza kupinda. Bega moja likapanda, mbavu za upande mmoja zikasukumwa nje, na kila mwaka akawa mfupi kidogo. Daktari wa mji wa Larisa alimwagizia mkanda wa ngozi ngumu wenye vyuma viwili, unaombana kuanzia makwapani hadi nyongani, na bizimu zake zote, vile vifungo vya chuma, ziko mgongoni. Mchana aliuvaa. Jioni mama yake aliufungua na kumkanda mgongo kwa mafuta ya kafuri, pingili baada ya pingili, kutoka shingoni kushuka chini, huku mtoto akiuma mto. Watoto wa kijiji walimwita mundu. Mwishowe mapafu yakakosa nafasi, akafa akiwa na miaka kumi na tisa. Tukamzika na gauni la harusi na taji la maua, kama tunavyowazika wasichana ambao hawakuolewa. Sijawahi kumwona amenyooka kama siku ile ndani ya jeneza.

Basi. Nilifika makaburini jua likiwa limeshazama, lakini theluji ya mlimani bado inatoa mwanga kidogo. Nikapiga magoti, nikajaza kandili, nikawasha kiberiti.

Nikasikia harufu ya kafuri.

Nikajiambia ni shali yangu, ilikaa sandukuni muda mrefu. Nikanusa shali. Ilinuka moshi na vitunguu.

Halafu sauti.

Kwii... kwii...

Sauti ya ngozi inayokunjwa ikiwa na maji. Ilikuja taratibu, ikanyamaza, ikaja tena, kwa mwendo wa mtu anayepumua. Nikainua macho. Kwenye ukingo wa kaburi la pili alikuwa ameketi msichana aliyevaa nguo nyeupe, amenipa mgongo. Nikadhani ni binti wa jirani yangu Polixeni, yule asiyesikia la mtu, nikamwambia aende nyumbani asije akapata baridi ya kiuno. Hakugeuka. Alikaa wima kabisa. Binadamu hakai hivyo, hata askari akipewa amri.

"Shangazi," akasema.

Nikaweka chupa ya mafuta chini.

"Shangazi, nifungue. Bizimu ziko nyuma. Sizifikii."

Ilikuwa sauti yake, ile yenye kukatika katikati kwa kukosa pumzi. Sikupiga kelele. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupiga kelele, na jibu ni kwamba nilimpenda. Nikajikuta nimesimama, mkono umenyooka kuelekea ule mgongo. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama nimwite mama yake.

Ngozi ikalia. Kwii...

"Usimwite mama," akasema. "Mama hatanifungua."

Vidole vyangu vikagusa kitu cha chuma, baridi ya kuunguza. Kandili ikazimika. Nilipowasha kiberiti kingine, ukingo wa kaburi ulikuwa mtupu, na theluji iliyokuwa juu yake haikuwa na alama ya mtu kukaa.

Nilishuka kilima kile bila magoti yangu kunikumbusha umri. Garoufalia aliniuliza kutoka kitandani kama taa imewaka vizuri. Nikamwambia imewaka. Akanishukuru, akageukia ukuta, na mimi nikaosha mikono kwa sabuni na majivu, lakini harufu ya kafuri haikutoka.

Asubuhi wifi yangu aliamka na homa yake, akavaa, akachemsha ngano ya kugawia watu kwa ajili ya marehemu, akaitia sukari na komamanga. Tulipanda wanawake sita na Padre Thimio nyuma yetu na chetezo. Nilishika jembe. Polixeni alishika koleo na kuongea njia nzima juu ya bei ya jibini, kwa sababu yeye akiogopa huongea.

Kichwa kilitoka kwanza, kisafi. Garoufalia alikipokea kwenye kitambaa cheupe, akakibusu kwenye paji, akasema, "Karibu, mama." Wanawake wakaanza kuimba maombolezo. Miguu ikatoka, mikavu, ya manjano, kila mfupa peke yake. Nikaanza kupumua. Nikatafuta mikono kifuani, pale tulipoiweka siku ya mazishi, mmoja juu ya mwingine.

Haikuwepo.

Nilichimba pembeni. Hakuna. Nikaingiza mkono chini ya kiwiliwili, na huko nikavipata, vifupa vidogo vya vidole vyote kumi, vimerundikana chini ya mgongo.

Kisha nikapangusa udongo uliokuwa juu ya kiwiliwili, na maombolezo yakakatika.

Mkanda ulikuwa umefungwa. Gauni lilikuwa limeoza likaisha, lakini ngozi ile ilikuwa nzima, imevimba kwa maji, na uti wa mgongo uliopita ndani yake ulikuwa mzima, umenyooka, pingili juu ya pingili, kuanzia ile ya juu iliyo kama pete, inayobeba kichwa. Hakuna iliyoachana na mwenzake. Zilikuwa nyeupe, zenye unyevu. Tuliugeuza. Kwenye ngozi ya nyuma kulikuwa na mikwaruzo, mingi, mingine juu ya mingine, na yote iliishia kidogo tu kabla ya bizimu.

Polixeni akafanya ishara ya msalaba. "Amefungwa," akasema. "Maskini wa Mungu, alizikwa amefungwa."

Kila mwanamke pale aliijua sheria. Maiti tunaifunga kidevu, mikono na miguu ili ilale vizuri, lakini kabla ya kufunika jeneza tunafungua kila kitu, hadi kifungo cha shati, ili udongo uweze kumwachia. Na aliyefunga ndiye anayefungua. Padre Thimio aliuliza nani alimvisha marehemu. Hakuhitaji kuuliza. Garoufalia alikuwa ameinama juu ya shimo, kichwa cha mwanawe bado kiko kifuani mwake.

"Mimi," akasema. "Vingine nilifungua. Huu niliuacha."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayesimulia upishi. Bila mkanda gauni lilikaa vibaya, upande mmoja ulipanda. Watu wangekuja kumuaga na jambo la mwisho ambalo wangeliona ni kile kigongo. Alitaka siku ile moja mwanawe awe bibi harusi aliyenyooka.

Hakuna aliyemlaumu. Nani angemlaumu? Padre akamwambia kwa upole aufungue sasa, yeye mwenyewe, kisha tuoshe mifupa na tumalize. Lakini Garoufalia aliweka kichwa chini, akashuka shimoni na kulala juu ya ule mkanda, akaukumbatia. Alisema akiufungua mtoto atapinda tena. Alisema amemngoja miaka yote hii na sasa amempata amenyooka, tumwache hivyo hivyo. Tulimbembeleza. Tulimvuta. Padre akasema asipoufungua kabla ya jua kuzama itabidi kaburi lifukiwe na Vaia arudi chini kama alivyo, miaka mingine. Akaenda kukaa kanisani na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, ngano ikiwa haijaguswa.

Nikabaki mimi. Nilishuka shimoni, nikakaa kwenye udongo karibu naye. Baridi ilikuwa inapanda. Chini ya mwili wake niliisikia ngozi ikilia, kidogo sana, na sijui kama ilikuwa ni uzito wake au la.

Nikamwambia niliyoyaona jana. Yote, isipokuwa moja.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza lile nililokuwa nikiomba asiulize.

"Aliniulizia?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwingine yeyote angemdanganya. Lakini kama ningesema ndiyo, asingeufungua mkanda ule maishani mwake. Angekaa pale akimngoja aje tena.

"Hapana, wifi," nikasema. "Alisema nisikuite. Alisema wewe hutamfungua."

Uso wake haukubadilika. Alitikisa kichwa tu, polepole, mara kadhaa, na machozi yakateremka bila sauti yoyote, na mimi nikalia naye, kwa sababu yapo maneno ambayo mama hapaswi kuyasikia na mimi ndiye niliyeyapeleka.

"Alinijua," akasema. "Mwanangu alinijua."

Akainuka. Akaanza na bizimu ya juu. Ilikuwa imeshika kutu, akaibana kwa meno hadi fizi zikatoka damu. Ya pili. Ya tatu. Kila moja ilipoachia, kitu kilitoka ndani, pumzi ndefu, vuguvugu, yenye harufu ya kafuri. Alipofungua ya mwisho, mkanda ukafunuka wenyewe.

Kwa muda mfupi uti ule ulibaki wima.

Halafu ukalegea. Haukuanguka. Ulipinda taratibu, pingili kwa pingili, upande ule ule wa zamani, hadi ukawa ule mgongo tulioujua. Kisha pingili zikaachana na kulala kwenye udongo, kavu kabisa, za manjano.

Garoufalia aliziokota mwenyewe. Niliposhika bakuli la divai hakuniacha nioshe hata moja. Alifumba macho na kuzipapasa kwa kidole gumba, na akazijua, kwa sababu alikuwa amezikanda kwa miaka saba kupitia ngozi. Hii ni ya chini ya shingo. Hii ilikuwa ikimuuma mvua ikinyesha. Alifika kwenye moja iliyoliwa upande, nene huku, nyembamba kule, ndiyo iliyokuwa katikati, pale mgongo ulipopinda. Akaiweka kwenye shavu lake, akakaa nayo hivyo hadi Padre Thimio akaja na taa.

Padre alisoma sala. Akasema neno lile. Amepumzika. Sanduku likawekwa rafuni karibu na la baba yake, na mkanda tukauchoma nyuma ya kanisa, nami nikasimama kuutazama hadi vyuma viwili vikabaki peke yake kwenye majivu. Polixeni akagawa ngano, akapata tena sauti yake, akasema Garoufalia angetuua kwa baridi. Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka jambo baya likiisha.

Tulishuka sisi wawili mwisho. Wifi yangu alitangulia, mimi nyuma. Njia ina mawe, nikafikiri ni homa inayomfanya aende pole namna ile. Alikuwa amekunja mkono mmoja, kiwiko nje, na kwenye kila kona alisimama, akangoja kidogo, akaendelea. Nilitaka kumshika. Sijui ni nini kilichonizuia.

Nyumbani alifungua mlango, akasogea pembeni, akaushikilia wazi. Nikajua ananingoja mimi niingie kwanza, nikaongeza mwendo. Lakini hakuwa ananiangalia. Macho yake yalikuwa chini kidogo, kwenye kimo cha mtu mfupi kuliko sisi, na yalifuata kitu kikivuka kizingiti, taratibu, hadi ndani. Nikauliza anamfungulia nani.

Akanyoosha mkono kunizuia, kwa upole, na akashusha sauti.

"Usimtazame, wifi," akasema. "Anaona haya akiwa hana mkanda."